Mgonjwa Apite, Lori Libaki

Saa nane na dakika kumi mchana tone la kwanza linaanguka juu ya bati la kibanda, na kabla la pili halijafika Mama Cadette Muzaliwa ameshasimama. Anafungua kamba. Mti mrefu unashuka taratibu na kukaa juu ya panda yake, upande wa pili wa barabara. Anatundika kitambaa chekundu katikati, anarudi kibandani, anaendelea kumenya mihogo.

Barabara ya Kasongo na Kabambare imefungwa.

Nusu saa baadaye, mvua ikiwa imekolea, lori linatokea upande wa Kabambare. Limebeba maharage, mchele, madumu ya mawese na, juu ya vyote hivyo, watu kumi na wanne waliojifunika turubai moja. Dereva anaitwa Alain. Anapiga honi mara tatu. Mama Cadette anamenya.

Alain anashuka, anakimbia kwenye matope akiwa ameshika kandambili mkononi.

"Mama Cadette, niko na mugonjwa!"

Kweli, ndani ya kabini yupo mwanamume aliyefunikwa blanketi hadi kidevuni. Anaugulia. Na anaugulia vizuri, ukimsikiliza hivi hivi utamwonea huruma.

"Anaumwa nini?"

"Tumbo, mama. Tangu asubui. Tukikawia hapa atatufia."

"Maskini, pole yake." Mama Cadette anaweka kisu chini. "Ashuke basi. Piki iko hapa, mutoto wangu Heri atamufikisha hopitali ya Kasongo mbele jua halijashuka. Mugonjwa apite, kamyo ibaki."

Mgonjwa anatoa kichwa kwenye blanketi. Anaitazama pikipiki, anautazama mteremko, anaitazama mvua. Kisha, kwa sauti ya mtu mzima kabisa, anasema anajisikia nafuu kidogo.

Turubai zima linaangua kicheko. Alain naye anacheka, afanyeje. Mama Cadette peke yake hacheki.

"Wa nane," anasema, na anarudi kwenye mihogo yake.

Ni mgonjwa wa nane kupona hapo tangu msimu wa mvua uanze mwezi wa tisa. Wanakijiji wa Kalubenga wamempa jina: Dokta. Ukiuliza nyumbani kwa Cadette watakuelekeza, lakini ukiuliza kwa Dokta watakusindikiza.

Mama huyu wa miaka arobaini na saba ndiye mlinzi wa kizuizi cha mvua, ambacho hapa wote wanakiita barière. Kazi yenyewe ukiisikia ni ndogo: mvua ikianza unashusha mti, mvua ikiisha unangoja barabara ikauke, kisha unaupandisha. Barabara ni ya udongo mwekundu. Ikiwa kavu inabeba chochote. Ikilowa, gurudumu moja la lori lililojaa linachimba mfereji, maji yanaufuata mfereji, na kesho yake pale palipokuwa na barabara kuna korongo.

Kizuizi cha Kalubenga kinalinda kilomita tatu tu. Ni mteremko unaoanza mwisho wa kijiji na kushuka mpaka kijito cha Kabulu. Chini, ng'ambo ya kijito, kuna mti mwingine kwa ajili ya magari yanayotoka Kasongo, na huo unalindwa na Djafari, mume wa Cadette, ambaye pia ndiye kiongozi wa kantonye, yaani watu wa jembe na beleshi wanaozibua mitaro. Mvua ikinyesha, mke yuko juu na mume yuko chini. "Msimu wa mvua tunaoana upya kila jioni," anasema Djafari.

Komite ya barabara ya kijiji inampa Cadette faranga elfu sitini za Kongo kwa mwezi. Dereva mwenye haraka hujaribu kumpa elfu arobaini kwa alasiri moja. Amekwisha kutukanwa kwa Kiswahili, Kibangubangu, Kifaransa na lugha nyingine asizozijua. Wapo wanaodai kwamba anafunga makusudi ili akina mama wa kijiji wauze mahindi ya kuchoma kwa wanaokwama. Kwa sababu ya maneno hayo yeye mwenyewe hauzi chochote pale, hata ndizi moja, na mihogo anayomenya ni ya chakula chake.

Karatasi ya sheria iliyobandikwa kibandani inasema magari yangoje muda wa saa nne baada ya mvua kuisha. Cadette haifuati sana. Anasema aliyeiandika hakuwahi kukanyaga Kalubenga.

Kipimo chake ni kisigino. Mvua ikikatika anavua kandambili, anatembea mpaka kona ya kwanza ya mteremko, anakanyaga kwa kisigino kwa nguvu na kusubiri. Shimo likijaa maji, bado. Shimo likibaki bila maji, pikipiki zinapita. Kisigino kikikataa kuzama, hapo ndipo malori yanaruhusiwa. Wakati mwingine ni saa mbili, wakati mwingine ni siku mbili.

"Saa inadanganya," anasema. "Pale kwenye kona jua linafika saa sita tu. Karatasi itajua namna gani?"

Mteremko huu haukuwa mkali hivi zamani. Djafari anaonyesha kilima kilicho juu yake, ambako sasa kuna mashamba ya mpunga wa mlimani na visiki vyeusi vya watu wa makaa. Miti mingine ilikatwa ikapelekwa kwenye machimbo ya dhahabu kushikilia mashimo yasiporomoke. Miaka kumi iliyopita, anasema, mvua ilikuwa ikinyesha asubuhi na maji yanafika barabarani jioni, machafu kidogo tu. Leo yanafika kabla ya mvua yenyewe kukatika, na yanakuja na nusu ya shamba la mtu.

Kwa hiyo kando ya mitaro yote mke na mume wamepanda mchaichai, kwa kuwa mizizi yake inashika udongo. Tatizo ni kwamba kila mpita njia anajua kuwa majani hayo ni chai. Asubuhi moja Cadette alikuta mita thelathini zimeng'olewa na mizizi yake. Hakwenda kwa chifu. Alisimama kanisani Jumapili, na Ijumaa akamtuma Djafari aseme msikitini maneno yale yale: kateni majani, kunyweni, Mungu awabariki, mizizi muniachie.

Lakini mtu hakai miaka sita kwenye mvua kwa ajili ya mchaichai. Ukitaka kujua kwa nini Cadette hababaishwi na mtu anayeugulia, lazima urudi mwaka mmoja nyuma, kwa mgonjwa mmoja ambaye hakuwa mgonjwa.

Ilikuwa Novemba, mvua imekatika muda si mrefu. Lori lilifika limejaa. Kabini alikuwemo mwanamke amejifunika kitenge kichwani, analia. Dereva, ambaye leo hafanyi tena safari za njia hii, alisema mimba imemharibikia. Cadette hakupima kwa kisigino. Alipandisha mti.

"Nilisikia mwanamuke analia juu ya mimba," anasema. "Ungefanya nini weye?"

Lori lilikwama katikati ya mteremko. Kwa saa tano lilisaga magurudumu mpaka mashimo yakafika kiunoni mwa mtu. Walipolitoa, mvua nyingine ikaja, maji yakaingia kwenye mifereji ile miwili, yakakuta bomba la saruji lililopita chini ya barabara, yakalifukua. Alfajiri kulikuwa na ufa wa mita sita. Barabara ilikatika kwa siku ishirini na tatu.

Siku ya tisa, Safi, mkamwana wa Cadette, mke wa mwanawe wa kwanza, Heri, alishikwa na uchungu. Mtoto alikaa vibaya. Muuguzi wa kituo cha afya, Emilienne, aliona baada ya muda mfupi kwamba kazi ile ni ya hospitali ya Kasongo, kilomita thelathini na moja. Pikipiki ya mumewe ilikuwa palepale uani, ina mafuta, haina pa kupita.

Wakamweka kwenye tipoy, kiti cha miti kinachobebwa mabegani. Wanaume wanane walipokezana. Kwenye ufa walishuka naye chini na kupanda tena, na hapo mmoja akateleza, tipoy ikapinduka. Safari mpaka Kasongo ilichukua saa kumi na moja. Safi alipasuliwa, akapona. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.

Cadette anasimulia haya bila kuinua sauti, mikono yake ikiendelea na kazi. Kisha mikono inasimama.

"Miye njo nilipandisha ule muti. Hakuna mutu mwingine."

Yule mwanamke wa kitenge yuko hai na anajulikana. Anaitwa Elodie, anauza samaki wa kukausha anaowanunua Nyangwe, na ana meza yake katika soko la Kasongo. Ni yeye mwenyewe aliyemwelekeza mwandishi wa makala haya Kalubenga, na hakuficha kitu.

"Shofere aliniambia: lala, lia kidogo, nitakupunguzia nusu ya nauli. Basi nikalia. Kitenge juu ya kichwa, na ndani yake ninacheka." Anapanga samaki ambao tayari walikuwa wamepangwa. "Habari ya ule mutoto niliisikia hapa hapa sokoni, wiki mbili baadaye. Ile siku sikuweza kuuza. Hata kula sikula."

Alikwenda kuomba msamaha. Alitegemea matusi, hata kofi, na alikuwa tayari kwa vyote viwili. "Alinipa kiti. Akanipa maji. Akaniuliza kama nilikuwa na mimba kweli ile siku, nikamwambia hapana. Akasema, 'Bon, asante kwa kuja.' Nilirudi nikilia njia nzima, na safari hii hakuna aliyenilipa."

Siku hizi Elodie akiwa ndani ya lori, kabla dereva hajafungua mdomo, yeye huwa ameshapiga kelele kutoka juu ya magunia: "Hapa hakuna mugonjwa!" Madereva wameanza kumkwepa.

Baada ya mkasa ule Cadette aliitisha komite na kuweka sharti moja, la sivyo watafute mlinzi mwingine. Mgonjwa wa kweli hazuiwi kamwe, lakini hapiti na lori. Pikipiki ya Heri inakaa karibu na kizuizi saa zote za mvua, na asiyeweza kukaa kwenye pikipiki anabebwa. Mwenye ugonjwa anapita, mwenye haraka anabaki.

"Mutu aliniambia anaumwa, nikamwamini," anasema. "Watu nitaendelea kuwaamini. Kamyo njo siamini tena."

Si wote wanaokubali. Moussa, mfanyabiashara wa Kasongo mwenye malori mawili, mojawapo hilo la Alain, anasema mwezi uliopita maharage yake yalikaa siku nne kwenye mvua mbele ya kizuizi. "Nilifungua gunia nikakuta shamba. Yameota! Ule mama iko na roho nzuri, sikatai. Lakini barabara iko ya Leta, haiko ya familia yake." Leta ni Serikali. Kuhusu Leta, Cadette anajibu kwamba akiiona ikipita na beleshi ataipisha.

Hata Emilienne, ambaye ni rafiki yake, ana wasiwasi. Oktoba mwaka huu mzee mmoja mwenye ugonjwa wa ngiri alibebwa mteremko mzima huku lori tupu limesimama. Alipona, lakini muuguzi anasema siku moja atakuja mtu ambaye mabega ya watu hayatamfaa. "Nilimwambia Cadette. Aliniuliza, 'Na lori likikata barabara, wale wa mwezi mzima watapita wapi?'"

Mwaka huu suala lina tarehe. Safi ana mimba tena, na anatarajiwa kujifungua wiki ya kwanza ya Desemba, mvua zikiwa kali kuliko wakati wowote. Baada ya kupasuliwa mwaka jana hawezi kujaribu kuzalia kijijini. Emilienne amesema avuke mapema, akakae kwa shangazi yake mjini Kasongo karibu na hospitali, angoje huko. Siku iliyopangwa ni Alhamisi.

Kutembea mteremko amekatazwa. Miguu imevimba na presha iko juu. Kubebwa amekataa mwenyewe.

"Tipoy sipandi tena," anasema Safi, mwanamke mwembamba wa miaka ishirini na mitatu anayezungumza akitazama chini. "Heri ataniweka kwenye piki, nitashika mgongo wake, tutaenda. Kama barabara iko."

Kama barabara iko. Katika nyumba hiyo hakuna neno lililorudiwa zaidi wiki ile.

Jumatano, siku ile ya mgonjwa wa Alain, mvua ya saa nane iliendelea mpaka magharibi. Alhamisi asubuhi ilikuwa mawingu, na saa nne ikanyesha tena. Nyuma ya lori la Alain yalikuwa yamefika mengine mawili. Saa tisa mvua ikakatika. Heri akatoka na pikipiki, Safi nyuma yake, begi limefungwa kwa mpira.

Cadette alivua kandambili, akatembea mpaka kona. Kila mtu alimtazama: madereva watatu, abiria, wauza mahindi, mwanawe, mkamwana wake. Alikanyaga. Akangoja. Shimo likajaa maji.

"Bado," alisema.

"Mama, ni Safi."

"Naona ni Safi."

"Hujazuia piki ya mugonjwa hata siku moja! Wale wa bandia uliwapa piki ile ile, mvua ikinyesha!"

"Mugonjwa anayekufa leo anaweza kuanguka na piki, hana namna. Safi hafi leo. Mwezi uliopita wameanguka wawili pale kwenye kona. Unataka kumuangusha mara ya pili?"

Heri alimjibu mama yake neno ambalo gazeti halitaliandika. Kisha akageuza pikipiki. Kutoka kwenye lori la tatu mtu akapaza sauti: huyu mama hata wa kwake anawafungia, basi sisi tumekwisha! Wengine wakacheka. Cadette aliingia kibandani na kukaa akiupa umati mgongo.

Ijumaa ilinyesha toka alfajiri. Siku hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Madereva walianza kuhesabu hasara kwa sauti. Maji ya kunywa ya abiria yaliisha, wakayachota kwenye kisima cha kijiji, na kisima kikawa tope. Saa nane wanaume sita walikuja kwa pamoja kwenye kizuizi na kumwambia Cadette kwamba wataunyanyua mti wenyewe. Hakubishana nao. Aliwaambia mti si mzito, hata mtoto anaunyanyua. Akawaambia pia nyumba ya tatu kushoto kuna mwanamke wa mimba ya miezi minane, waende kwanza wamwambie kwamba wanapita.

Hakuna aliyekwenda. Walisimama kidogo, wakaondoka mmoja mmoja.

Jioni hiyo Djafari alipanda kutoka chini akiwa na tope hadi mapajani. Mitaro miwili ilikuwa imejaa majani na udongo wa shamba la juu, na kantonye wake watano walikuwa wamezibua tangu asubuhi. Mchaichai ulikuwa umeshika, isipokuwa sehemu ile iliyong'olewa, ambayo sasa ilikuwa imeliwa kiasi cha mkono mzima. "Mvua moja kama ya leo, na tutaonana tena na ule ufa," alimwambia mkewe.

Jumamosi kulikucha na jua.

Saa tatu na nusu Cadette akatembea mpaka kona kwa mara ya pili asubuhi ile. Akakanyaga. Shimo likakaa bila maji. Akangoja zaidi ya kawaida yake, akakanyaga mahali pengine, akainama akaweka na kiganja.

"Piki," alisema. "Kamyo bado."

Heri alikuwa tayari ameshawasha. Hawakuwa wamezungumza na mama yake tangu Alhamisi. Safi alipanda polepole, kwa upande, halafu akabadilisha mguu. Cadette alimfunga kitenge vizuri kiunoni, akakikaza, akakifungua, akakikaza tena. Ukimtazama ungesema hajui kufunga kitenge.

"Usipite katikati," alimwambia mwanawe. "Pita upande wa majani. Pole pole. Ukifika pale palipoliwa, shukeni, usukume."

"Ndiyo, mama."

Hakwenda nao. Alipoulizwa kwa nini, alionyesha kwa kidevu malori matatu yaliyosimama nyuma. "Nikienda, nani atabaki na hawa?"

Mti ukapanda, pikipiki ikapita. Wakati huohuo injini ikanguruma. Dereva wa lori la pili alikuwa ametoka kwenye mstari, amempita Alain, na anakuja. Cadette aliachia kamba. Mti ulishuka kwa kishindo mbele ya bampa, labda hatua mbili, na yeye akasimama mbele ya mti. Hakunyoosha mkono.

Dereva akatoa kichwa dirishani kuanza matusi. Alain ndiye aliyemfikia kwanza.

"Zima mutambo, ndugu yangu. Ukikwama weye pale chini, sisi wote tutakula Noeli hapa. Siku tatu nimengoja, saa tatu zitakuua?"

Injini ikazimwa. Alain akaenda kununua hindi.

Kuanzia hapo hakukuwa na cha kufanya ila kusikiliza. Sauti ya pikipiki iliteremka, ikakatika, ikasikika tena, ikakatika. Pale ilipokatika mara ya pili Cadette alipiga hatua kadhaa kuelekea kona, akasimama, akarudi. Aliyekuwa akiuza mahindi alimwita kwa jina lake la utani. Hakusikia.

Saa tano kasoro Djafari alitokea kwenye kona, anapanda akihema, ameacha mti wa chini umefungwa kwa mnyororo. Alianza kusema akiwa bado mbali, maana alijua.

"Wamevuka! Kwenye kubovu walishuka, wakasukuma. Wamepita kwangu nikiwaona. Sasa wako kwenye mchanga, njia nzuri."

Cadette alikaa chini. Si kwenye kiti, palepale barabarani. Alifunika uso kwa ncha ya kitenge na mabega yakamtikisika, na madereva, ambao kwa siku tatu walikuwa na maneno mengi, wakawa wanatazama magurudumu yao. Djafari alisimama karibu naye, kwa kuwa hakujua afanye nini na matope aliyokuwa nayo.

"Nilikuwa naogopa," alisema baadaye, macho mekundu, sauti yake ya kawaida imerudi. "Alhamisi nilimkatalia mutoto wangu mbele ya watu. Kama barabara ingekatika Ijumaa, angeniambia nini? Ningejiambia nini miye?"

Malori yalipita saa nane mchana, moja moja, kwa kuachana. Alain, akipita, alipiga honi mara moja. Mteremko ulibaki mzima.

Sasa Cadette anataka mambo mawili. La kwanza ni bomba jipya la saruji mahali palipokatika mwaka jana, kwani kilichopo ni magogo, na magogo hayamalizi misimu miwili. Komite imeomba, bado inaomba. La pili halihitaji kuombwa. Msimu ukiisha, yeye na Djafari watapanda mchaichai na mianzi kuanzia pale palipoliwa hadi shamba la juu kabisa, na wenye mashamba watatu kati ya watano wamekubali kuacha ukanda usiolimwa. Wawili waliobaki ataongea nao. Akisema ataongea nao, mtu anaanza kuwahurumia hao wawili.

Safi, Mungu akijalia, atarudi Kalubenga mwezi wa kwanza akiwa na mtoto mgongoni. Mwezi wa kwanza nao si wa kuaminika. Mwandishi alimuuliza Cadette itakuwaje kama siku hiyo itakuta mvua.

Alimtazama mwandishi kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi.

"Watangoja kule chini, kama watu wote."

"Na wewe?"

"Miye?" Alicheka, kwa mara ya kwanza katika siku nne. "Miye nitashuka na miguu."